Mwalimu Anayepima Visima

Mwalimu huyu huleta wanafunzi wake wa chuo kutoka Thika mpaka huku kwetu Kalimoni, na kabla ya kukanyaga shamba la mtu huvua viatu. Vidole vyake vina vumbi la chaki hata mahali pasipo na ubao. Sauti yake ni ya chini, lazima umsogelee. Anafundisha jinsi dunia inavyobadilika, mvua na watu pamoja. Mwanafunzi akipima udongo, yeye humuuliza, "Na watu wanasemaje?" Akileta maneno ya watu, humuuliza, "Umepima?"

Mwaka ule wa ukame walipima kisima changu. Maji yalikuwa yameshuka tangu nilipomzika mke wangu Nakhumicha, na majirani wameacha kuteka. Walitaka nikifukie.

"Na watu wanasemaje?"

"Madam, ati mama wa hapa alienda na maji yake," msichana mmoja akasema, na wenzake wakacheka.

Mwalimu hakucheka. "Visima vingine mmepima?"

Wakamsomea. Vyote vimeshuka mpaka kule mtoni, hata vya maboma ambayo hayajazika mtu. Akanigeukia, akisugua chaki kidoleni.

"Mzee, ni mvua imekosekana. Mama hakuenda na kitu."

Nikapumua. Majirani walikuwa wamesimama kwenye ua wakitazama. Mwalimu akaomba maji ya kunywa, nikashusha ndoo. Alikunywa kikombe kizima mbele yao, polepole, kisha akaninyooshea kikombe tena.

"Ongeza, mzee."