Mama Verna Hatoki Nje

Watu wa Dixon Road wanamjua Mama Verna Wabano kwa mkate wake wa kukaanga, ambao mimi humtania kuwa ni mandazi yaliyonyimwa sukari. Naye hunijibu kwamba mandazi yangu ni mkate uliodekezwa. Yeye ni Mkrii, mmoja wa wenyeji wa asili wa Kanada, mwenye nchi hii kabla yetu sisi wote wa viza. Duka lake limepakana na langu la ushonaji.

Alizaliwa kaskazini, kando ya Ghuba ya James. Alikuwa mtoto mdogo alipochukuliwa kupelekwa shule ya bweni ya kanisa, na huko kila alipofungua mdomo kwa Kikrii alichapwa. Alikuja Toronto akiwa msichana, akasafisha maofisi ya watu mpaka magoti yakagoma, ndipo akafungua duka. Mikate na viatu vya ngozi vyenye shanga ndivyo vinavyolipa kodi. Lakini duka hasa ni Jumamosi, wazee wa Kikrii wanapokuja kuwafundisha watoto lugha. Kwanza huwasha majani makavu kwenye kombe la baharini, kila mtu akajifukiza kichwa na kifua ili kujitakasa. Bila moshi huo hakuna mzee atakayekaa kufundisha.

Mwezi wa kwanza mwaka huu akaja Wayne Nyakundi, wakala wa mwenye jengo. Ni Mkenya mwenzangu, na ndiyo maana nilikasirika maradufu. Alisema duka linanuka bangi, na moshi ukiwashwa tena ndani, Mama Verna atahama.

"Auntie, mimi nafuata tu policy," akaniambia nilipomkabili. "Si wawashie huko parking?"

"Kwenye baridi hii? Wazee wa miaka themanini? Wayne, kwenu hakuna wazee?"

Mama Verna hakupandisha sauti. "Miaka yote tulifanya mambo yetu nje, vichakani, tukijificha mapadri wasituone," alimwambia kwa Kiingereza chake cha taratibu. "Nje tulishamaliza."

Mimi niliogopa. Duka la kodi nafuu haliokotwi mjini hapa, na wazee wale wakitawanyika, nani atawakusanya tena?

Jumamosi Mama Verna akawasha. Tena akaufungua mlango wa koridoni wazi kabisa, moshi ukatembea jengo zima. Wayne akaja mbio, simu mkononi, anapiga picha. Aliyemzibia njia ni Bi Ruqayyah wa duka la vitambaa, chetezo chake kikifuka udi.

"Mimi nafukiza kila Ijumaa na hujaniuliza hata siku moja," alisema. "Kama moshi ni kosa, nipige picha na mimi. Tuhamishe wote."

Nikasimama kando yake, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Sikuwa na moshi. Nilikuwa na hasira, na ilitosha.

Wayne akachungulia juu ya mabega yetu. Wazee walikuwa wameketi, watoto wanawapelekea supu mmoja mmoja, na hakuna mtoto aliyethubutu kuonja kabla yao.

"Mama, itabidi utoke," alisema, lakini sauti ilikuwa imeshalegea.

Mama Verna hakuacha kupakua.

"Sitoki. Ukitaka kunitoa, utaniburuta. Ila usubiri hapo mlangoni, wazee hawajamaliza kula."