Muuguzi Aliniambia Anakufa, Nikakata Simu

Nimekosa, na sitafuti wa kunitetea. Majina nimebadilisha, ila mwenye kujua atajua.

Nina duka la vitenge hapa Kasulu. Mama alipofariki, mdogo wangu Zaituni nilimlea mimi. Alipokua akampenda Elia, mwanajeshi, kijana wa Kumsenga kule Kibondo. Wazazi wake walikuja wakikimbia vita Burundi, wakapewa uraia. Mimi nilimwita mkimbizi mbele ya mdogo wangu, bila aibu. Nilishamtafutia mume mwingine, mfanyabiashara wa hapa mjini, mtu wa dini yetu.

Zaituni alikataa. Akaniambia Elia akirudi safari ya kikazi wanafunga ndoa, nitake nisitake.

Ndipo redio ikatangaza kwamba treni iliyobeba wanajeshi imeacha njia. Mvua ilikuwa imekula udongo chini ya reli, mabehewa yakaingia mtoni. Wengi wamekufa.

Zaituni alipiga simu ya Elia mpaka yake ikazima. Akaiacha dukani ichaji, akakimbilia stendi kuuliza abiria waliotoka huko.

Simu ikaita. Nikapokea.

Alikuwa muuguzi. Alisema yuko na majeruhi wa ile treni, anaitwa Elia, simu yake imepotea lakini namba hii anaijua kwa kichwa. Anamwomba Zaituni aongee naye tu.

Jamani, mimi ni mtu gani? Nikamjibu, "Mwambie Zaituni amepata mume. Asimsumbue tena."

Muuguzi akashusha sauti. "Dada, huyu kaka anakufa."

"Mwambie hivyo hivyo."

Nikakata, nikaifuta ile namba. Sitadanganya kwamba sikumwelewa. Nilimwelewa vizuri, nikaona Mungu amenirahisishia.

Zaituni aliporudi, akauliza kama kuna aliyepiga. Nikasema hakuna. Nikampikia uji, nikamshika mgongo akilia. Kesho yake ndugu zake Elia wakaleta taarifa ya msiba.

Tulikwenda kuzika Kumsenga. Nilivaa nguo nyeusi, nikalia kuliko wenye msiba! Baada ya mazishi akaja mwanajeshi mmoja, anatembelea magongo. Alikuwa amelala kitanda cha jirani na Elia hospitalini. Akasimama mbele ya mdogo wangu, akamuuliza kama yeye ndiye Zaituni, na huyo mume wake yuko wapi.

"Mume gani?" Zaituni akauliza.

Akaeleza yote, watu wakisikia. Mikono ya Elia ilikuwa imevunjika, kwa hiyo muuguzi aliweka simu sauti ya juu, karibu na sikio lake. Kila neno nililosema alilisikia mwenyewe. Akaomba simu iondolewe. Baada ya hapo alikataa hata maji, akageukia ukutani, na jioni haikumkuta.

Zaituni hakupiga kelele. Alinigeukia mimi.

"Ulinipikia uji, dada," akasema. "Ulinipikia uji ukijua."

Hakurudi Kasulu na mimi. Alibaki kwa mama yake Elia, wanalima pamoja mpaka leo. Niliwahi kwenda kuomba msamaha. Yule mama alinipa kiti, akanipa maji, akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema amenisamehe ili yeye apate kulala, lakini nisikanyage tena kwake. Zaituni alikuwa ndani, nilimsikia akikohoa. Hakutoka.

Mwezi uliopita aliingia dukani. Nilidhani moyo umelainika, nikamvutia kiti. Wateja wengine walikuwepo. Akanisalimia, "Shikamoo mama," kama mtu anavyomsalimia muuzaji asiyemjua. Akachagua kitenge, akalipa, akashukuru, akatoka. Mteja mmoja akasema binti yule ana adabu sana, ni wa wapi? Nikajibu simfahamu.

Wewe unayemchukia mchumba wa ndugu yako, mchukie, ni moyo wako. Lakini mtu akiomba kuongea na mwenzake, mpe simu, hata kama hutaki. Mimi sauti ya mwisho aliyoisikia Elia kutoka kwetu ni yangu. Zaituni anaijua sauti hiyo, ndiyo maana hataki kuisikia tena.