Madamu Susana na Chai ya Wageni

Susana Mirumbe alikuja kwetu mwaka wa 1993, kutoka upande wa Wakuria wa Migori, akiwa na shahada ya hisabati na sanduku moja la vitabu. Shule yetu ya kutwa, karibu na Ndhiwa, haikuwa imewahi kupata mwalimu wa kike wa somo hilo. Wiki mbili hazikupita kabla Mwalimu Mkuu, Bwana Onyango, hajamtafutia kazi aliyoiona inamfaa: chai ya wageni.

Wageni hawakuisha. Walikuja wa harambee, wa kanisa, wa bodi, na kila walipokuja Susana aliitwa kutoka darasani akachemshe maziwa na mayai. Sisi wanaume kumi na mmoja tulibaki tukifundisha. Na chai yenyewe, nakiri, tuliinywa.

Kidato cha Nne cha mwaka wa 1996 kilikuwa na wavulana thelathini na wasichana watatu. Kipindi kilipopotea, wavulana walirudi jioni wakakifidia kwa taa ya karabai. Wasichana jioni walikuwa mtoni, kisha jikoni kwao. Mmoja wao, Adhiambo, alitaka kusomea takwimu chuo kikuu, na alihitaji B katika hisabati. Kipindi cha mchana ndicho pekee alichokuwa nacho.

Alhamisi moja ya Julai tulitarajia wakaguzi kutoka Homa Bay. Mwalimu Mkuu alichungulia katika chumba cha walimu.

"Madamu, wageni wanafika saa nne."

"Saa nne nina Kidato cha Nne, Bwana Mkuu. Hii ni mara ya tano mwezi huu."

"Hisabati haikimbii."

Jacktone, mwalimu wa jiografia, alicheka. "Nyinyi Wakuria mnahesabu ng'ombe tangu utotoni, Madamu. Dakika kumi zinakutosha."

"Basi njoo wewe uchemshe maziwa, Jacktone, uhesabu mapovu."

Jacktone alinigeukia, akaniita ndugu kwa Kijaluo. "Omera, umemsikia huyu?"

Susana aliwaachia wavulana mazoezi ubaoni, akawachukua wasichana watatu na madaftari yao mpaka jikoni. Ukuta wa jiko ulikuwa umeshika masizi, mweusi kuliko ubao wetu wowote. Akatoa chaki. Katika beseni mlikuwa na mayai ishirini, matatu yakiwa na nyufa. Ukichukua mawili bila kuangalia, uwezekano wa yote mawili kuwa mazima ni upi?

Adhiambo alikuwa ndiyo kwanza anafikia sitini na nane juu ya tisini na tano, maziwa yakafurika na kuzima moto. Mwalimu Mkuu akaingia, mkaguzi nyuma yake.

"Madamu! Hii ni nini?"

"Ni kipindi cha saa nne, Bwana Mkuu."

Mkaguzi aliusoma ukuta wote, polepole, kutoka juu hadi chini. Kisha akauliza, "Na mayai, yameiva?"

Ripoti yake ilikuwa na sentensi moja tu kumhusu Susana: huduma kwa wageni ilichelewa. Mwalimu Mkuu akamtaka ajieleze kwa maandishi. Alijieleza. Alijaza kurasa mbili za tarehe, kila tarehe na mada iliyoachwa siku hiyo, vipindi hamsini na vitatu kwa jumla, na chini akauliza ni nani angevifundisha, na lini. Barua haikujibiwa. Ila muhula wa tatu ratiba ya chai ilibandikwa ikiwa na majina yetu sote, na Jacktone akaunguza maziwa Jumanne mbili mfululizo.

Matokeo yalitoka Februari. Adhiambo alipata B ya kutoa, hatua moja chini ya aliyoihitaji. Susana aliisoma karatasi mara tatu, akaiweka mezani kwa Mwalimu Mkuu. Kisha akaenda kwa baba yake msichana, kumwomba amruhusu arudie Kidato cha Nne.

"Mwaka mzima tena, mwalimu? Kwani alikosa nini?"

"Yeye hakukosa, Baba Adhiambo. Tuliokosa ni sisi."

Mzee akamwita binti yake, akamwambia atafute sare.