Muteti na Mbuzi wa Mzee Katoo

Watu wa ploti yetu ya nyumba za kupanga hapa Kitengela wako na mdomo kuliko akili. Mimi ni Evalyne, nashona nguo hapo kwa geti, na Muteti ni mtoto wa dada yangu Phylis. Yuko na miaka kumi na tano. Daktari alisema ni usonji. Ploti ikasema ni kiburi, eti haangalii mtu usoni akisalimia. Kwani hizo sura zao ziko na nini cha kuangaliwa?

Shuleni walimcheka mpaka akaacha kuongea huko. Raha yake ikabaki moja tu, mbuzi wa Mzee Katoo, wanaolala kwa boma nyuma ya ploti. Kila jioni alisimama langoni wakiingia. Siku moja akawahesabu kwa sauti, mmoja mmoja, mpaka thelathini na saba.

Sasa, wazee wa Kimaasai kama Katoo hawataki mifugo yao ihesabiwe. Ni kuiitia kifo. Akamfukuza Muteti na fimbo mbele ya watu, na ploti ikacheka, hata wale wanajua mbuzi akiwa kwa sahani pekee.

Muteti akaingia kwa blanketi wiki tatu. Chai tu, tena nusu kikombe. Akamwambia mamake angependa asiamke tena, na Phylis akaacha kazi akakaa kando ya kitanda. Pasta akaja, akasema ni roho ya uvivu, akamaliza chapati nne, akaenda zake. Bure kabisa.

Nikaenda kwa Katoo na hasira zangu.

"Mzee, mtoto wetu anaisha juu ya mbuzi wako."

"Kwani hakuna mtu alimwambia?"

"Nani amwambie? Wewe ulimwambia na fimbo."

Akaweka fimbo chini. Kisha akanifuata mpaka mlangoni kwa Phylis, akasimama hapo.

"Muteti, kwetu hatuhesabu mbuzi. Tunaangalia nani hayuko. Ni hiyo tu."

Blanketi likasonga.

"Kwa nini hukusema?"

"Nilidhani unajua."

"Sikujua."

Jioni hiyo Muteti akatoka, amekonda, akasimama langoni kimya mpaka mbuzi wa mwisho akaingia.

"Ule mweusi wa sikio lililokatwa hayuko," akasema. Katoo akageuka kwenda kumtafuta, na Muteti akamfuata.

Miaka kumi na tano nimemwita mkaidi, nikamvuta masikio, na sikuwahi kumweleza kitu wazi namna hiyo. Na hiyo ploti ya wajinga, mimi pia naishi huko.