Frateri Aliyetoa Hongera Msibani

Frateri Anselme Kaboré, kijana anayesomea upadri, alifika parokiani kwetu Igoma mwezi wa Mei. Kwao ni Burkina Faso, na Kiswahili alikuwa amejifunza miezi minne tu katika shule ya lugha. Shida yake ya kwanza ilikuwa sura. Wamisionari tuliowazoea ni Wazungu, na Mzungu akikosea Kiswahili watu humpigia makofi. Huyu alikuwa mweusi, mrefu, mwembamba, amefanana kabisa na vijana wa Shinyanga. Wauza nyanya sokoni walimsemesha Kisukuma, na aliponyamaza akitafuta neno, wakasema anaringa.

"Mwalimu," aliniambia siku moja, "Mzungu wanamsamehe. Mimi wananikasirikia kwa sababu nafanana nao."

Mimi ni Prudencia, Mhaya wa Kamachumu. Nimefundisha Kiswahili darasa la nne hapa Mwanza miaka thelathini na mmoja mpaka nikastaafu. Padri Mihayo, paroko wetu, aliniomba nimnoe kijana huyu kila Jumanne mchana. Alikuwa na miaka ishirini na sita. Alikula ndizi zangu kwa adabu, sahani nzima kila wiki. Nilichelewa sana kugundua kwamba hazipendi. Mtu anayependa chakula hatafuni haraka namna ile.

Wiki ninayoikumbuka ni ya mwezi wa Agosti, vumbi likiwa limejaa kila mahali. Jumatatu asubuhi Padri Mihayo alisafiri kwenda Bukoba kwenye semina. Kabla hajaondoka akamwambia Frateri, "Jumapili utaongoza ibada kigangoni Kisesa. Na utahubiri. Dakika saba, zisizidi."

Alikuwa hajawahi kuhubiri kwa Kiswahili. Jumanne alikuja kwangu na kurasa nne, mwandiko mzuri, na viambishi vibaya. Nilichukua kalamu nyekundu nikaanza kazi yangu.

"'Mungu anapenda watu yake,'" nilimsomea. "Watu gani hao?"

"Watu wake."

"Ukikosea hapo Mungu atakuelewa, lakini watoto wa Kisesa watakucheka."

"Mungu tunaongea naye Kimoore, lugha ya kwetu," akasema, akacheka peke yake. Tuliendelea mpaka saa kumi na moja. Nilikuwa mkali, sikatai.

Jumatano asubuhi nilipigiwa simu kwamba Mzee Chenge amefariki alfajiri kwa kiharusi. Chenge alikuwa fundi wa mashine za kusaga. Hakuna mashine kati ya Igoma na Kisesa ambayo hakuwahi kuifungua. Kwa Frateri alikuwa zaidi ya fundi. Tangu Mei mzee yule alikuwa akimsimamisha njiani na kuzungumza naye polepole, neno baada ya neno, kama mtu anayemmiminia mgonjwa uji. Nilipompa habari, kijana aliketi kwenye ngazi ya kanisa.

Tulikwenda msibani pamoja. Njiani tulipita kwa Odeta, jirani yangu aliyejifungua siku mbili kabla, maana haiwezekani kupita mlango wenye mtoto mchanga bila kusalimu. Frateri alimpa mkono akasema, "Hongera sana, Mama. Mungu awakuzie."

"Umesema vizuri sana," nikamsifu tulipotoka. Alifurahi. Niliona midomo yake ikirudia rudia maneno yale.

Kwa Mzee Chenge turubai lilikuwa limeshafungwa na wanaume wamekaa nje. Ndani, Mama Pius, mjane wa marehemu, alikuwa ameketi juu ya godoro, ameegemea ukuta, macho makavu. Wanawake waliokuwa naye walininong'oneza kwamba tangu alfajiri hajalia hata kidogo, na kwamba wanamhofia. Frateri alivua viatu, akapiga goti, akamshika mikono yote miwili.

"Hongera sana, Mama," akasema.

Bi Moza, jirani yao, ambaye ni Mwislamu na ndiye alikuwa ameshika jiko la msiba ule, alijifunika uso kwa kanga. Mimi nilitamani sakafu ipasuke. Mama Pius alimtazama kijana.

"Hongera ya nini, Frateri?"

Hapo ndipo alipojisikia alichosema. "Pole. Pole, Mama. Nilitaka pole. Pole."

"Hebu iache," Mama Pius akasema. "Miaka arobaini na mmoja na Chenge. Nguo zake zina grisi mpaka kola, anaitwa saa ya chakula anasema nakuja, harudi mpaka kesho. Hongera nastahili!"

Akacheka. Alicheka kwa sauti, wanawake nao wakashindwa kujizuia, na katikati ya kicheko sauti yake ikavunjika, akaanza kulia. Alilia sana. Dada yake alimkumbatia, akasema, "Afadhali. Afadhali amelia."

Frateri hakusikia hilo la afadhali. Alitoka, akavaa viatu, akatembea mbele yangu mpaka nyumba ya mapadri bila kugeuka.

Nilidhani hatarudi pale. Alhamisi nilipofika msibani saa sita, nikamkuta anasukuma baiskeli yenye madumu manne ya maji. Alikuwa amefika tangu saa moja. Alipomaliza maji aliketi na wanawake kusugua masufuria, jambo ambalo wanaume chini ya turubai walilitazama kama sinema.

"Frateri, hilo bado lina masizi," Bi Moza alimwamuru.

"Ndiyo, Bibi."

"Bibi nani? Mimi nina miaka hamsini!"

"Ndiyo, Dada."

Mchana Mama Pius akatuma aitwe. Nilikuwa nimeketi karibu naye, kwa hiyo niliyasikia yote. Frateri aliomba msamaha, sentensi aliyoiandaa vizuri, haina kosa hata moja. Mama Pius akamuuliza anachouliza mzazi yeyote:

"Kwenu wazazi wazima?"

"Mama ni mzima. Baba alifariki. Mwezi wa pili."

"Mwezi wa pili upi?"

"Huu wa mwaka huu."

Nilihesabu kichwani. Mwezi wa pili alikuwa shule ya lugha. Alikuwa na wiki tatu tu nchini.

"Ulikwenda kuzika?" Mama Pius akauliza.

"Hapana. Ni mbali sana. Walizika siku iliyofuata. Kaka yangu alinitumia picha."

"Ulilia na nani?"

"Nilisali, Mama."

"Sijakuuliza kusali. Nani alikaa na wewe?"

Aliinamisha kichwa. "Nilikuwa sijui maneno. Kule kila mtu alikuwa mgeni. Nilikaa chumbani."

Nitasema ukweli. Tangu Mei nilikuwa nimekaa na kijana huyu mezani kwangu kila Jumanne. Nilikuwa nimemwuliza ngeli zote, nimemtungisha sentensi kuhusu baba, mama, kaka na dada. "Baba yangu anafanya kazi." "Baba yangu alifanya kazi." Aliandika zote mbili kwenye daftari, nami nikaweka alama zangu nyekundu za vyema. Sikuwahi kumwuliza kama ana baba.

"Alikuwa anafanya kazi gani?" Mama Pius akauliza.

"Mkulima. Pamba."

"Pamba! Hata kwenu kuna pamba?" Mwanamke aliyefiwa siku moja kabla aliketi wima. Yeye amezaliwa Magu, amekulia kwenye mashamba ya pamba. Akataka kujua wanapanda mwezi gani, wanapalilia mara ngapi, wadudu wao wanafananaje. Frateri alijibu kwa mikono pale maneno yalipokwisha. Akaonyesha jinsi baba yake alivyokuwa akibeba gunia kichwani, shingo imenyooka. Halafu mkono wake ukabaki juu. Mama Pius akamvuta kichwa chake begani mwake.

Baada ya muda akamwita mwanawe mkubwa. "Pius, weka kiti kingine kwenye mstari wenu. Huyu naye amefiwa."

Mazishi yalikuwa Ijumaa, kwenye shamba la marehemu, huko Kisesa. Padri wa parokia jirani aliongoza. Baada ya maua kuwekwa, watu walipanga foleni kuwapa mkono wafiwa, na mwisho wa safu ya watoto wa Chenge, baada ya Pius na dada zake wawili, alisimama Frateri Anselme na kanzu yake nyeupe iliyojaa udongo. Watu walipomfikia walisita. Pius akawa anawaambia, mmoja mmoja, "Huyu naye amefiwa na baba yake. Hakupata kuzika."

"Pole sana, mwanangu," walimwambia. "Pole, Frateri." "Mungu akutie nguvu." Mafundi wenye vidole vyeusi kwa mafuta, wauza nyanya waliomwona anaringa, mwenyekiti wa mtaa, wote. Ilichukua karibu nusu saa. Alijibu "asante" kila mara. Ilipofika zamu yangu nilikuwa nimeandaa maneno, nikajikuta nimemshika tu, nikisema Kihaya, lugha asiyoijua kabisa.

Jumamosi alilala mpaka saa nne. Mpishi wa nyumba ya mapadri aliingiwa na hofu, akanipigia simu, nikamwambia amwache.

Jumapili nilipanda bodaboda mpaka Kisesa ili nimsikie. Alihubiri dakika tisa. Aliniudhi mahali pamoja tu, aliposema "upendo kubwa", na watoto wawili wa mbele wakacheka. Kwenye maombi aliwataja marehemu wa wiki ile: "Tumwombee Chenge. Tumwombee na Raphaël, baba yangu." Watu wakaitikia kwa nguvu, "Ee Bwana, twakuomba utusikie," na baada ya ibada akina mama wa kigango wakamletea kuku jike aliyefungwa miguu, kwa ajili ya msiba wake.

Alirudi naye kwangu akimpakata kama mtoto. "Nimchinje au nimfuge?"

"Anataga huyo. Mfuge."

Nilimpikia wali siku hiyo, si ndizi, na tulipomaliza kula nikamwomba anisimulie juu ya Raphaël Kaboré. Alisimulia mpaka jua likazama: namna alivyokuwa mkali, namna alivyokuwa akiimba vibaya kanisani, na namna alivyouza fahali wake mmoja ili mwanawe aende seminari. Nilimsahihisha mara mbili. Alishukuru, akaendelea.