Vifuniko Tisa vya Bi Mwatum

Mwatum binti Borafya wa Kizimkazi hawezi kuona kitu kichafu akakipita. Wenzake humtania kwamba hata mafiga yake huogeshwa kila Ijumaa. Kwa hiyo siku alipokuta dude la chuma, mviringo, kubwa kuliko chungu cha shughuli, limekwama kwenye vigingi vya shamba lake la mwani, hakujiuliza mara mbili. Mtu wa pwani akiona kitu cha mviringo kinachoelea hafikirii mbingu, hufikiria boya. Sichana, mtoto wa dada yake, akampiga picha kwa simu akiwa amelikumbatia anacheka. Kisha Mwatum akalibeba nyumbani, akalisugua kwa mchanga na majivu mpaka likameta, na kesho yake akalifunga kwenye kamba ya pembeni kuwa alama ya shamba lake. Maandishi yaliyokuwa ubavuni yaliondoka pamoja na ukoga.

Picha ile ilizunguka kwenye simu za watu mpaka ikafika mjini. Wiki ya tatu akaja Reem, afisa kijana wa serikali, mzaliwa wa Kikwajuni, viatu mkononi na buibui limelowa mpaka magotini.

"Shikamoo, Bi Mwatum."

"Marahaba, mwanangu. Mbona mbio?"

"Hilo si boya. Ni tangi la roketi. Mengine hubeba mafuta yenye sumu kali."

Tangi likafunguliwa kambani kwa glavu na kupelekwa mjini, lakini maneno yalishatangulia. Mnunuzi wa mwani akatoa tangazo: hachukui hata gunia moja la Kizimkazi mpaka ijulikane tangi lilibeba nini. Wanawake arubaini wakabaki na mwani mkavu vyumbani, wamelala wamebanana na magunia.

Reem akamweleza kwamba mataifa yana makubaliano yao. Kitu cha angani kikianguka, hata ndani ya ua wako, bado ni cha nchi iliyokirusha, na nchi hiyo ndiyo inayojua kilichokuwa ndani. Kinachotakiwa ni kukitambua tu.

"Kilikuwa na nambari, Bi Mwatum. Iko wapi?"

Mwatum akatazama viganja vyake. "Nshaisugua."

Aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto. Usafi wake, uliomletea sifa tangu usichana, ndio uliowafungia wenzake riziki. Jirani yake Mwatima, aliyekuja kumpoza, akasema, "Basi tena, shoga. La kuvunda halina ubani."

"Lina," Mwatum akajibu kwa hasira. "Mie ndie nloharibu, na ubani ntautafuta mie."

Mabaki ya roketi yaliyoanguka katika bahari hii msimu ule yalikuwa ya nchi tatu. Ya nchi ya kwanza yalianguka miezi miwili kabla ya Mwatum kuliona dude lake, ya pili siku tisa kabla, ya tatu siku moja kabla. Reem aliziandikia zote. Zote zikajibu kwa adabu nyingi, kama wageni wanaokataa sahani ya pili, kwamba ushahidi hautoshi.

Mwatum akaomba aoneshwe tena ile picha. Nambari haikuonekana, ilikuwa upande wa kifuani kwake. Kilichoonekana ni ukoga, ule utando wa kijani ambao wakulima wa mwani huufuta kwenye kamba kila bamvua, bahari inapokauka mbali, mwaka baada ya mwaka. Akaitazama kwa muda mrefu.

"Huu wa siku tisa," akasema. "Kumi haufiki."

"Mie nnakuamini. Wao je?"

"Watauona kwa macho yao."

Akaazima vifuniko vya masufuria kwa majirani. Kila siku alifunga kimoja shambani, ili siku ya mwisho awe na ukoga wa siku moja, wa siku mbili, mpaka wa tisa. Siku ya tano mkondo ulichukua viwili. Akaanza upya. Yakaja maji mafu, siku ambazo hakuna mwanamke anayeshuka shamba kwa kuwa bahari haikauki, naye akaingia maji ya kifua, kifuniko kichwani. Watu walimcheka. Wengine walilalamika kwamba wanapika masufuria wazi.

Siku ya kikao alichoitisha Reem, aliingia ofisini Malindi, Unguja mjini, na ndoo tatu za maji ya chumvi, vifuniko vyake tisa, na kamba kuukuu iliyokaa baharini miezi miwili, imeota ndevu. Kwenye skrini walikuwapo wajumbe wa nchi tatu na bibi mmoja wa Umoja wa Mataifa. Reem alitafsiri. Mwatum akainua kamba, kisha kifuniko cha siku moja, kisha vingine kwa zamu, na kando yake Reem akaonesha picha. Kufika cha tisa, Mwatum akakiweka sambamba na picha. Rangi ilikuwa moja.

Mjumbe wa nchi ya pili akaomba kifuniko kisogezwe karibu. Akakitazama, akashauriana na mtu pembeni, akarudi akasema maneno mengi. Reem akashika mkono wa Mwatum.

"Anakubali ni lao. Lilikuwa na gesi ya kusukumia mafuta, si mafuta yenyewe. Haina sumu. Leo hii ataandika barua kwa mnunuzi."

Machozi yalimtoka Mwatum bila kuaga. Akayafuta kwa ncha ya kanga.

"Anakushukuru sana," Reem akaendelea. "Anauliza wakufanyie nini."

"Shukurani zake nshazipokea. Mwambie nnataka jina la mtu na nambari ya simu, niibandike bandani kwetu. Likianguka jengine, nijue pa kupiga hodi."

Mjumbe akacheka, akidhani mzaha. Mwatum hakucheka. Akaomba kalamu, akavuta karatasi, akakaa anamtazama mpaka yule bwana akaacha kucheka na kuanza kutaja herufi moja moja. Mwatum akaandika taratibu, hakuruka hata moja. Alipomaliza, wale wajumbe wengine walikuwa wanakusanya makabrasha yao.

"Na nyie wawili," akasema, "nnasubiri."