Viganja kwenye Mhimili

Mama Glavu hakupewa jina hilo kwa mapenzi. Walimbandika wenzake wa karakana ya bodi za mabasi, alikounganisha mabati kwa ribiti miaka ishirini na sita, kwa sababu ya kelele zake: "We, mkono mtupu huo unaupeleka wapi?" Jasho lina chumvi, na chumvi na alumini haviivi chungu kimoja. Ukilishika bati leo, huoni kitu. Likae miezi kwenye unyevu, ndipo alama za vidole vyako zinapoota unga mweupe, na unga huo unalila bati taratibu. Basi aliwafokea wote, mkubwa kwa mdogo. Ambaye hakufokewa hata siku moja ni mumewe, fundi mwenzake. Yule bwana alivua glavu wakati wa kula tu.

Watu walimwita Kipande, kwani mashine ya kukata mabati ilimchukua nusu ya kidole kidogo cha mkono wa kulia, naye akawa wa kwanza kujicheka.

Walipostaafu, badala ya kufuga kuku kama watu wenye akili zao, wakaagiza ndege. Ndiyo, ndege! Ya watu wawili, ile inayokuja vipande vipande kwenye masanduku ukaiunganisha mwenyewe. Mdogo wake Kipande ni rubani wa kunyunyizia dawa mashambani, na yeye ndiye angeirusha. Majirani walicheka mpaka mbavu zikawauma. Wawili hao, hawana habari, wakageuza chumba cha wageni kuwa stoo. Mabati ya bawa waliyasimamisha wima kwenye fremu ya mbao iliyovishwa zulia, na karatasi katikati yasisuguane. Vipande vidogo walivitundika kwa kamba, kila kimoja na kibandiko chake. Penseli marufuku, maana nayo huacha kitu kinachokula alumini. Na kwenye rafu ndefu, ndani ya shuka safi la pamba, waliulaza mhimili, ule uti wa mgongo wa bawa unaobeba uzito wote ndege ikiwa angani.

Kipande alifariki kazi ikiwa nusu. Moyo tu, mezani, kijiko mkononi. Mjane alijikaza kisabuni. Miezi kumi na minne ikapita, akiingia stoo na glavu zake, akifuta, akifunika, akifunga mlango kwa ufunguo anaouvaa shingoni. Kisha shemeji yake, yule rubani, akasema imetosha: Jumamosi anakuja wafunge bawa la kushoto. Likishafungwa, mhimili hauonekani tena.

Wiki hiyo mvua haikukatika ila kwa vipindi vifupi. Jumatatu mchana alifunua shuka akaona madoa mawili meupe, mviringo, kama ya ncha za vidole. Akasonya. Nani huyu mshenzi? Akafunika, akaapa kumwuliza shemeji.

Jumatano madoa yalikuwa kiganja kizima. Vidole vitano vimetandazwa, na kile kidogo kimeishia katikati.

Alitazama dirisha, limefungwa. Akashika ufunguo shingoni, upo. Saa saba hiyo, mvua imepumzika na jua limewaka ghafla, na paa likipata joto mabati yake hutanuka yakalia: ta... ta... ta. Miaka sita ya stoo ile amesikia mlio huo bila hata kugeuka. Siku hiyo alijikuta akiuliza, "Nani?" Kilichomkata maini si kwamba hakujibiwa. Ni kwamba alisimama pale, glavu kifuani, akisubiri jibu.

Ujinga hakuwa nao. Alijua ni jasho la zamani, limeamshwa na unyevu. Lakini Kipande, yule yule Kipande, ashike alumini kwa mkono mtupu? Kwa lipi?

Ijumaa akahesabu viganja kumi na kimoja. Vyote vilikuwa mahali pamoja, kimoja juu ya kingine, katika nafasi isiyofika urefu wa mkono. Kwingine kote mhimili ulikuwa safi. Wala havikuwa viganja vya mtu anayenyanyua kitu. Vilikuwa bapa, vimeburuzwa kwenda upande mmoja.

Fundi wa bodi havui glavu kwenye bati safi ila kwa jambo moja: kupapasa. Mng'aro hudanganya jicho, lakini vidole huhisi kibonyeo hata kiwe kidogo vipi, na penye kibonyeo ndipo mhimili huvunjika.

Na mahali pale Mama Glavu alipajua. Miaka miwili na ushee nyuma, mume akiwa dukani, alijitia ubavu akausogeza mhimili peke yake. Ukamponyoka, ukagonga pembe ya meza. Aliutazama kwa tochi mpaka macho yakamtoka machozi. Hakuona ila mkwaruzo mwembamba. Akaufuta, akaufunika. Mume aliporudi alimpa chai, na hilo jambo akalimeza.

Sasa alivua glavu. Akaweka kiganja chake juu ya kile cha mumewe, akakiburuza polepole. Kikaja: ukingo wa kibonyeo, kama punje ya mchele chini ya kitambaa cha meza. Akarudia. Kipo.

Jumamosi shemeji alifika asubuhi, bunduki ya kupigia ribiti begani, anapiga mluzi. "Shemeji! Leo tunafunga, mwezi ujao mimi huyo, juu!"

Mama Glavu alimtazama. Polishi kidogo tu, alama zingetoka, na hakuna ambaye angejua. Mtoto wa watu huyu angepaa akicheka.

"Bawa halifungwi," alisema. "Mhimili umebonyea. Niliuangusha mimi nikanyamaza."

Shemeji aliingia stoo, akaona viganja, akapapasa. Akakaa chini sakafuni na nguo zake safi.

"Kaka alijua?"

"Mwaka mzima kabla hajafa. Viangalie mwenyewe."

"Ndiyo maana! Kila nikimwambia tufunge bawa, ananijibu bado, bado. Nikamwona mvivu. Lakini mbona hakukuuliza, shemeji?"

Mama Glavu alifungua mdomo ili aseme hata yeye hajui. Ndipo alipokumbuka, na machozi ambayo hata mazikoni hayakutoka yakamshuka.

"Aliniuliza," alisema. "Kila jioni, akitoka humu, anasimama mlangoni pa jiko: 'Mke wangu, huna la kuniambia?' Nami nikamwambia njoo ule, chakula kinapoa."